Tulishinda vita 1979 maduka yakawa matupu. Ujerumani ilishindwa 1945 na kufikia 1948 maduka yakajaa. Tuchambue kwa namba

#1 Nyamagana_Daftari

Wakuu, heshima kwenu. Kuna swali linalorudi kila tunapozungumza uchumi wa Kanda ya Ziwa. Iweje Ujerumani, iliyopigwa mabomu mpaka miji ikalala chini, iwe na maduka yenye bidhaa miaka mitatu tu baada ya kushindwa, na sisi tulioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 tukiwa washindi tupange foleni ya sabuni hapa Mwanza miaka minne na mitano baadaye?

Majibu mawili yamezoeleka: wao walipewa dola za Marekani, na sisi tulikuwa na siasa ya ujamaa. Yote yana ukweli ndani yake, ila hayaonyeshi mambo yalivyofungamana. Nitaeleza ninavyouelewa mfumo wenyewe, kisha wanaojua pamba, reli na mambo ya Uganda waingie.

Hoja yangu ni hii: baada ya vita, uchumi unaotegemea wakulima hukwama pale mkulima anapokosa sababu ya kuuza, na huamka siku anapoipata sababu hiyo. Madaraja na misaada vina kazi yake, lakini vikitangulia peke yake havivuti mzigo.

Tuanze na vita vya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978. Daraja la Kyaka likavunjwa, ng'ombe kwa maelfu wakaporwa. Jeshi letu likapanuliwa kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000, ukijumlisha mgambo, polisi, magereza na JKT. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kubeba askari. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Angalia aina ya gharama hiyo: mafuta, silaha, matairi, vipuri. Vyote hulipwa kwa fedha za kigeni, na akiba ya fedha hizo ilikuwa imeshaliwa mwaka huohuo wa 1978, baada ya masharti ya kuagiza bidhaa kulegezwa wakati bei ya kahawa inashuka. Mwaka 1979 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Mwalimu akawaambia wananchi wajiandae kwa miezi 18 ya kufunga mkanda. Shida ikapita miezi 18 kwa mbali sana.

Sasa fuateni mlolongo. Serikali inawalipa askari na wazabuni kwa kukopa Benki Kuu, kwa hiyo noti mtaani zinaongezeka. Bei ya sukari, sabuni, khanga na baiskeli imepangwa, hairuhusiwi kupanda. Bei isipopanda, rafu ndiyo inayokuwa tupu. Bidhaa inahamia mlango wa nyuma kwa bei ya ulanguzi. Mkulima wa Magu au Maswa asiye na mtu wake RTC (kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa) anauza pamba, analipwa noti halali, anafika duka la kijiji, anakuta chumvi na viberiti kama kuna bahati. Msimu unaofuata anapunguza ekari za pamba, anaongeza mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu, yaani vitu anavyoweza kula au kubadilishana. Pamba ikipungua, dola zinapungua. Dola zikipungua, Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, inakosa rangi na vipuri, na wenye viwanda vya sabuni wanakosa kostiki. Rafu inazidi kuwa tupu. Na hakuna bomu lililoanguka Magu! (Yaliyolengwa Mwanza na ndege ya Libya mwezi Machi 1979 yaliishia kuua swala pale kisiwa cha Saanane.)

Ujerumani ya 1945 hadi 1948 ilikuwa na ugonjwa huohuo. Bei zilifungwa tangu 1936 na vita viligharimiwa kwa noti. Baada ya kushindwa, sigara za Marekani ndizo zilizotumika kama fedha. Watu wa mijini walipanda treni kwenda vijijini kubadilisha mazulia na saa kwa viazi. Mkulima alificha nafaka, kiwanda kilificha bidhaa stoo. Tarehe 20 Juni 1948 noti za zamani zikafutwa. Kila mtu akapewa marki mpya 40, baadaye nyingine 20. Mishahara na kodi za nyumba zikabadilishwa moja kwa moja. Akiba za benki zikakatwa, na hesabu ilipofungwa kila marki 100 za zamani zilizaa 6.50 mpya. Ludwig Erhard, mkuu wa idara ya uchumi, akaondoa bei elekezi kwa bidhaa nyingi, akabakiza kodi za nyumba, makaa ya mawe na vyakula vya msingi. Siku zilizofuata madirisha ya maduka yalijaa, kwa bidhaa zilizokuwepo nchini muda wote. Mzigo wa mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani kwa Ulaya Magharibi baada ya vita, ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kufika.

Haikuwa bure. Mwenye akiba ya noti aliangamia, mwenye shamba au kiwanda alibaki nacho. Kulikuwa na mgomo mkuu tarehe 12 Novemba 1948, na wasio na kazi wakakaribia milioni 2 mwanzoni mwa 1950. Anayesifia mageuzi yale bila kutaja hayo amekata nusu ya hesabu.

#2 Makoroboi_82

Mkuu, umechambua vizuri, ila vita viliukuta uchumi wetu tayari uko kitandani. Operesheni Vijiji ilihamisha wakulima kati ya 1973 na 1976. Wengine waliacha mashamba yenye rutuba wakapangwa kandokando ya barabara, mbali na ardhi waliyoizoea. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, pamoja na ule wa Nyanza uliokuwa na maghala, malori na viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Kwa Mwanza na Musoma hilo lilikuwa pigo la pekee, maana mzigo uliokuwa unavuka ziwa hadi Kisumu ukalazimika kwenda Dar kwa reli. Usimpe Amin lawama zote.

#3 Nyamagana_Daftari

Kaka, hapo tunakubaliana, na ndiyo maana nimetaja akiba iliyoliwa kabla risasi haijalia. Vita viliondoa muda wa kujirekebisha. Nchi yenye akiba ya miezi minne au mitano ya kuagiza bidhaa inaweza kuvumilia mafuta kupanda, au kahawa kushuka, au vita. Sisi tulipata vyote vitatu ndani ya miezi 18, bila akiba.

#4 Pamba_Safi

Mwangaluka ndugu zangu. Nitaweka hesabu ya shilingi, maana watu husema "thamani ya shilingi ilikuwa ya juu mno" bila kuonyesha inavyomfika mkulima.

Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya pamba nyuzi. Zinazobaki ni mbegu za kukamua mafuta na mashudu. Chukua mfano kwamba kilo ya nyuzi inauzwa nje dola 1.50. Kwa shilingi 8.25 kwa dola, hiyo ni shilingi 12.40. Toa usafiri, kuchambua, magunia, riba na gharama za mamlaka ya zao, tuseme shilingi 6. Zinabaki 6.40, gawa kwa kilo 3: mkulima hawezi kulipwa zaidi ya shilingi 2.10 kwa kilo bila mnunuzi kupata hasara. Sasa dola iwe shilingi 17, kama ilivyokuwa baada ya bajeti ya Juni 1984. Nyuzi ileile ni shilingi 25.50. Gharama zinapanda kwa sababu ya dizeli na vipuri, tuseme zifike 9. Zinabaki 16.50, yaani 5.50 kwa kilo. Bei ya dunia haijagusika, na mkulima bado kapata zaidi ya mara mbili na nusu.

Kwa hiyo kung'ang'ania kiwango cha zamani kulikuwa kodi juu ya mkulima, isiyoandikwa popote. Aliyefaidi ni yule aliyepata kibali cha dola kwa bei rasmi, akaagiza bidhaa na kuziuza kwa bei ya mtaani. Mtaani dola ilifika mara kadhaa ya bei rasmi.

Lakini kupandisha bei peke yake hakutoshi, na hapa namuunga mkono mleta uzi. Bei rasmi za mazao zilipandishwa kila mara mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Unampandishia mkulima asilimia 20, tayari umempunguzia. Na hata ungempandishia 50, noti nyingi zaidi mbele ya duka tupu hazimfanyi aamke alfajiri kupalilia. Kilichobadilisha hali ni ruhusa ya 1984, bajeti ya Cleopa Msuya: mwenye dola zake nje aagize bidhaa, asiulizwe kazipata wapi. Zikaja nguo, baiskeli, redio, sabuni, mabati, pikapu. Bei ilikuwa kali, lakini kitu kilikuwepo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka mmoja nyuma yake ulikuwa umefanya kinyume: wenye mali walitupa au kuficha zaidi, na rafu zikakauka kabisa.

Sasa sehemu ambayo wachumi wa mezani huiruka. Wakulima waliitika, pamba ikaongezeka sana kuanzia msimu wa 1986/87. Ikakwama kwenye maghala ya vijiji. Kwa nini?

Viwanda vyetu vya kuchambua vingi ni vya roli. Roli imevishwa ngozi ngumu, inavuta nyuzi, kisu kimeibana, na mpigo wa chuma unaiangusha mbegu. Ngozi huisha, kisu hutoka makali, mkanda wa kuendeshea hukatika. Vyote vinaagizwa. Chukua kiwanda chenye mashine 30, kila moja ikitoa kilo 20 za nyuzi kwa saa, saa 20 kwa siku: tani 12, sawa na marobota 66 ya kilo 181. Mashine 10 zikisimama kwa kukosa ngozi, unapata tani 8. Kwa msimu wa siku 150 umepoteza tani 600 za nyuzi, yaani tani 1,800 za pamba ya mkulima zimebaki nje ya mlango. Na hata mashine zikiwa nzima, bila turubai la gunia na mikanda ya chuma ya kufungia robota huwezi kusafirisha. Vitu vya senti chache vinasimamisha zao la mamilioni.

Pamba mbegu ikikaa hadi mvua za Novemba, inavuta unyevu. Mbegu inapata joto ndani ya lundo, nyuzi zinageuka manjano, pamba safi inashuka kuwa fifi. Panya na moto hufuata. Wakati huohuo mkulima hajalipwa, kwa sababu chama kilichonunua kwa mkopo wa benki hakijauza robota hata moja, na benki haiwezi kutoa mkopo mpya juu ya ule wa zamani. Hapo unaona kwamba bei nzuri bila ngozi za roli inazalisha madeni.

#5 Kijana_wa_Buzuruga

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: mpango wa Marshall ulikuwa karibu dola bilioni 13 kati ya 1948 na 1952. Fedha zote hizo hazikuwa kitu? Na sisi je, hatukupewa misaada mingi tu baada ya 1986?

#6 Hesabu_za_Hazina

Marahaba kijana. Swali zuri, kwa sababu chombo kilikuwa kilekile na matokeo yakatofautiana.

Marshall haikugawa dola mikononi mwa watu. Ilifanya kazi hivi. Kiwanda cha nguo Ujerumani kinahitaji pamba ya Marekani. Muuzaji wa Marekani analipwa dola na serikali yake. Kiwanda cha Ujerumani kinapokea pamba, lakini hakipewi bure: kinalipa marki kamili kwenye mfuko maalumu. Mfuko huo, kupitia benki ya ujenzi mpya, KfW, iliyoanzishwa 1948, unakopesha migodi ya makaa, umeme na ujenzi wa nyumba. Mkopaji analipa, fedha zinakopeshwa tena. Dola moja imefanya kazi mbili: imeleta malighafi, na imeacha mtaji unaozunguka. Mfuko ule haukuisha hata baada ya Marshall kumalizika.

Kwetu, kuanzia miaka ya 1980, wafadhili walitoa misaada ya kuagiza bidhaa kwa mpango unaofanana. Mwagizaji hapa apate vipuri au malighafi, alipe shilingi serikalini. Waagizaji wengi hawakulipa, au walilipa sehemu. Wengine walilipa miaka kadhaa baadaye, kwa shilingi iliyokwisha poromoka. Fikiria umechukua mashine ya dola 100,000 wakati dola ni shilingi 50, unadaiwa shilingi milioni 5. Ukichelewesha hadi dola ifike 300 na deni limebaki milioni 5, umelipa sawa na dola 16,700. Mashine umepata kwa sudusi ya bei. Hilo, pamoja na misamaha ya kodi, lilikuwa kiini cha ugomvi uliowafanya wafadhili wasimamishe misaada mwaka 1994.

Jambo la pili linalosahaulika ni madeni. Mkataba wa London wa 1953 uliipunguzia Ujerumani Magharibi takriban nusu ya madeni yake ya nje, na malipo yakafungwa na uwezo wake wa kuuza nje. Wadai wakawa na sababu ya kununua bidhaa za Ujerumani. Tanzania ilisubiri mpaka miaka ya 2000 kupata msamaha wa kiwango hicho, zaidi ya miaka 20 baada ya Kagera. Kwa miaka yote hiyo, dola ya pamba ikiingia ilikuwa tayari ina mwenyewe.

Na la tatu: mitambo. Ujerumani ya 1945 ilikuwa na mashine nyingi nzima kuliko picha za miji iliyobomoka zinavyoonyesha. Walikuwa wamewekeza sana wakati wa vita, na mabomu yalivunja nyumba na reli kuliko tanuri za chuma. Wakapokea pia wakimbizi karibu milioni 8 kutoka mashariki, wakiwemo mafundi wengi. Sisi hatukuwa na stoo ya kufungulia. Ukibadili noti mahali ambapo stoo ni tupu kweli, utapata noti mpya na stoo ileile.

#7 Behewa_Tupu

Hiyo ya reli iliyobomolewa nataka kuiendeleza, kwa sababu Ujerumani ya majira ya baridi 1946/47 na Mwanza ya miaka ya 1980 zilikwama mahali pamoja. Kule, makaa yalilundikana mgodini Ruhr kwa kukosa mabehewa na vichwa vya treni, na mifereji ikaganda. Viwanda vikazima huku makaa yapo. Huku, pamba ililala Mwanza na Shinyanga huku meli Dar inasubiri.

Kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli yenye upana wa mita moja, na njia yenyewe ilifika Mwanza mwaka 1928. Namba ya kuangalia katika reli ni mzunguko wa behewa: siku tangu linapopakiwa hadi linapopakiwa tena. Idadi ya mabehewa haikuambii kitu bila hiyo. Ukiwa na mabehewa 1,000 yanayozunguka kwa siku 15, unapakia mabehewa 66 kwa siku. Mzunguko ukifika siku 30, unapakia 33. Umepoteza nusu ya reli bila kupoteza behewa hata moja. Na mzunguko huharibiwa na mambo madogo: kichwa cha treni kinachosubiri pampu ya kusukuma dizeli kwenye injini, behewa linalogeuzwa ghala kwa sababu mteja hana lori la kupakulia, breki za hewa zinazovuja zinazomlazimisha dereva kwenda mwendo wa pole.

Dizeli ndiyo iliyobana kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafuta yalikula karibu nusu ya mapato ya mauzo ya nje. Umeme wa Mwanza nao ulitoka kwenye jenereta za dizeli mpaka gridi ya taifa ilipofika mwishoni mwa miaka hiyo. Kwa hiyo lita moja ilikuwa inagombewa na lori la pamba, treni, na Mwatex. Kumbuka pia pamba mbegu hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Lori la tani 7 linaondoka kijijini limejaa mpaka juu na bado halijafikisha tani zake, huku linakunywa dizeli ileile. Ndiyo maana kiwanda cha kuchambua kinapaswa kuwa karibu na shamba. Kikifungwa kimoja kwa kukosa vipuri, pamba yake inapelekwa kilomita 60 zaidi, na hizo kilomita 60 ni dizeli ambayo haipo.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kitangulie baada ya vita, nasema: vipuri vya vyombo vilivyopo. Wafadhili walipenda kutoa malori mapya ya kila aina, kila mfadhili na la nchi yake. Matokeo yake karakana moja ilikuwa na aina nyingi za magari na haina kichujio cha mafuta cha hata moja.

#8 Mutukula_Mpakani

Nawasalimu kutoka upande wa mpaka. Uganda ni mfano mzuri wa anayebadili noti kabla ya kuziba tundu.

Serikali mpya iliingia Januari 1986. Mei 1987 wakafuta sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na wakakata asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Dola ikapandishwa kutoka shilingi 14 hadi 60. Kwa karatasi inafanana na Ujerumani 1948. Lakini serikali iliendelea kukopa Benki Kuu, kwa jeshi na kwa kununulia kahawa. Mfumuko wa bei ukarudi juu ya asilimia 100, na waliokatwa asilimia 30 wakajiona wameibiwa.

Kahawa ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje, na bodi moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kuuza. Mkulima alipata chini ya theluthi ya bei ya dunia, tena kwa kuchelewa. Akaipeleka mpakani kwa magendo. Kilichogeuza mambo kilikuja kipande kwa kipande: maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa 1990, ukiritimba wa bodi ukavunjwa mwanzoni mwa miaka hiyo, na 1992 wizara za fedha na mipango zikaunganishwa na kuwekewa sheria ngumu: mwezi huu tumia kilichokusanywa, kisichokusanywa usikitumie. Wizara zililalamika sana. Ndani ya mwaka mmoja hivi mfumuko ukashuka chini ya asilimia 10. Bei ya kahawa ilipopanda duniani 1994, fedha zilifika kwa mkulima, zikageuka mabati na ada za shule. Ingepanda 1988, zingeishia kwenye bodi.

#9 Bi_Igogo

Mmeongea pamba, reli na kahawa, jamani, lakini uchumi baada ya vita haurudi ulipokuwa. Hubadilika sura, na mabadiliko hayo huanzia jikoni kwa watu kabla hayajaonekana kwenye takwimu.

Mshahara wa mtumishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa hautoshi mwezi. Mabadiliko yaliyofuata yalifanywa zaidi na wanawake: maandazi, kuku, ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, dagaa wa kukaushwa. Shughuli hizo hazikuhitaji kibali cha dola. Dagaa wa Mwanza hasa, kwa sababu mtaji wake ni mtumbwi, karabai na jua. Karabai inahitaji mafuta ya taa na utambi wake, na vikikosekana bei ya dagaa inapanda papo hapo. Anayetaka kujua hali ya uagizaji wa nchi angetazama tu bei hiyo.

Kisha sangara. Alipandikizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, akaenea kwetu kwa wingi miaka ya 1980. Mwanzoni boti za Kenya ndizo zilizokuja kukusanya, kwa sababu viwanda vya minofu vilikuwa upande wao. Mashine ya barafu, jenereta, chumba cha baridi na ndege ya mizigo vyote vinataka dola na sheria inayomwachia mwuzaji nje sehemu ya dola zake. Sheria hizo zilipolegea, viwanda vikajengwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Minofu Ulaya, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) Mashariki ya Mbali, mapanki (vichwa na mifupa) kwa wenye kipato kidogo hapa. Fedha zilikuwa nyingi, lakini angalieni tofauti na pamba: pamba ililipa kaya kwa kaya Usukuma nzima. Sangara analipa mwenye boti, mwenye nyavu na mwenye kiwanda, na samaki wa ziwa hapalilewi. Ulaya ilipofunga soko kwa sababu za usafi na sumu kati ya 1997 na 1999, visiwa vizima vilikosa mnunuzi ndani ya wiki moja. Baadaye dhahabu ya Geita, mgodi mkubwa ulioanza 2000, ikaongeza mauzo ya nje kuliko vyote, na ajira chache kuliko vyote.

Kwa hiyo nchi inaweza kuonyesha ukuaji mzuri miaka 20 baada ya vita, na bado yule mkulima wa Maswa mliyeanza naye asiwe ndani ya ukuaji huo.

#10 Makoroboi_82

Dada umesema jambo zito. Naongeza kwamba Usukuma ulishaona ukuaji wa baada ya vita uliomhusisha mkulima: baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilitoka vitani ina deni kubwa la dola, ikashusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80 mwaka 1949, na ikataka pamba na katani za makoloni. Ikajaribu njia ya mkato, mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, 1947 hadi 1951. Matrekta, mengine mabaki ya vita, yalivunjika kwenye visiki na udongo mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na pauni milioni 36 zikapotea.

Wakati huohuo pamba ya Usukuma iliongezeka karibu mara nne kati ya mwanzo na mwisho wa miaka ya 1950, kwa jembe la ng'ombe, mbegu za kituo cha utafiti cha Ukiriguru zinazostahimili chawa wa majani, na ardhi mpya Geita. Halafu mizani. Wanunuzi walipunja, wakulima wakaweka wapimaji wao, na kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 muungano wa Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, uliokuja kumiliki viwanda vyake vya kuchambua. Duka lilikuwa na baiskeli, cherehani, mabati na khanga. Ndiyo hoja ya mleta uzi hiyohiyo, imetendeka hapahapa.

#11 Kijana_wa_Buzuruga

Asanteni sana. La mwisho: nchi imetoka vitani leo, nakwenda kijiji cha wakulima. Niangalie nini kujua kama inaanza kuamka?

#12 Pamba_Safi

Uliza kilo ngapi za zao lao zinanunua mche mmoja wa sabuni, lita ya mafuta ya taa na bati moja. Rudi baada ya miezi mitatu uulize tena. Usiulize bei kwa noti, uliza kwa kilo. Kama kilo zinapungua, watapanda. Uliza pia mnunuzi analipa siku ngapi baada ya kupima. Zaidi ya wiki tatu, ujue benki imebanwa au pamba haitoki ghalani. Tazama mashine ngapi zinazunguka kiwandani na ngapi zimenyofolewa vipuri kulisha nyingine.

#13 Hesabu_za_Hazina

Mjini, linganisha dola ya benki na dola ya mtaani. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 10, vibali havina tena utajiri ndani yake. Kisha uliza jeshi linalipwa na nini. Nchi nyingi huacha kupigana lakini haziachi kulipa: vikosi vyetu vilibaki Uganda hadi 1981, na kila mwezi ulikuwa na bili yake. Wakiwaachia askari warudi nyumbani, waachiwe kabla ya msimu wa kupanda. Kwa kanda hii ya pamba ni kabla ya katikati ya Novemba. Askari aliyerudi Februari hana shamba mpaka mwaka unaofuata, na kiinua mgongo chake atakila chote akisubiri mvua.

#14 Behewa_Tupu

Na pale stesheni uliza behewa lililoingia leo lilipakiwa lini.